Vidole Vitatu vya Papa Paluku

Wanaosema kwamba kiharusi humnyang'anya mtu ulimi hawajui nusu ya habari. Ulimi wa Papa Paluku ulikuwapo pale pale mdomoni, mzito, ukikumbuka Kinande cha mama yake, Kiswahili cha soko, Kilingala cha matusi na Kifaransa cha kuombea kibali ofisini. Kilichopotea ni njia ya kutokea. Maneno yalifika mpaka kwenye meno yakajazana hapo, na kilichotoka nje kilikuwa mvumo mmoja tu, "mmmh", ambao kila mtu nyumbani aliutafsiri alivyopenda. Akitaka maji, alifunikwa blanketi. Akitaka dirisha lifunguliwe, aliletewa chombo cha kukojolea. Mtu aliyeuza chumvi, sabuni na maharage kwa jumla mjini Kisangani tangu ujana wake, mtu ambaye wenye maduka walinyamaza akikohoa, sasa hata haja ndogo aliipata kwa mkalimani.

Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, mkono na mguu, na shingo ilitikisika yenyewe, isiweze hata kukubali au kukataa. Kushoto kulibaki hai, na mkono wa kushoto ulibaki na akili zake zote: ule mkono uliokuwa ukizama ndani ya gunia la maharage na kujua, bila macho kusaidia, kama yamekauka au yamenyunyiziwa maji ili yaongeze uzito. Lakini nani ataongea na mkono?

Aliyepata jibu alikuwa Élie, mtoto wake wa pili, anayefanya kazi za kompyuta Kinshasa. Alikuja likizo na kompyuta ya kubeba, nyembamba, ya chuma chepesi, akaiweka juu ya mapaja ya baba yake barazani. Solange, kitinda mimba, aliyekuwa amerudi nyumbani kumwuguza baba, alikwisha kuishonea kitambaa cha kuifunika, kile cha uzi mweupe kama cha juu ya televisheni. Héritier, mkubwa wao, mwenye kushika depo sasa, alisimama mlangoni mikono mfukoni.

"Papa, angalia muzuri," alisema Élie. "Clavier, hizi herufi, sahau. Souris, ile ya kusukuma mezani, sahau. Kazi yote iko hapa kwa hii kibao." Akapapasa kile kibao laini kilichokuwa chini ya herufi, kipana, kisicho na kitufe hata kimoja. "Hausukume, inasikia tu. Na inahesabu bidole. Kidole moja, unatembeza mushale. Bidole mbili, kitu ingine. Bidole tatu, kitu ingine tena. Bale ba kutengeneza hizi mashini banasema clavier iko karibu kufa. Kesho mutu ataongea na ordinateur kwa mukono tu, hewani, bila kugusa kitu."

"Na umeme itatoka wapi, hewani?" aliuliza Héritier.

Wakacheka. Papa Paluku hakucheka, kwa sababu alikuwa akisikiliza kwa umakini ambao hajawahi kumpa mtoto huyu tangu azaliwe. Mashine inayohesabu vidole! Yeye mwenyewe hakuwa amefanya kazi nyingine maishani mwake.

Élie alikuwa ametengeneza jambo rahisi. Kwenye kioo kulikuwa na picha chache: maji, chakula, choo, maumivu, dirisha, sala. Ukipeleka mshale kwenye picha na kugusa kibao kwa kidole kimoja, mashine inasema. Ukigusa kibao kwa vidole viwili, popote, inasema ndiyo. Kwa vitatu, inasema hapana. Sauti ya mashine yenyewe ilijua Kifaransa cha Ulaya tu, na ilipojaribu Kiswahili ilitia aibu, basi Élie alimfungia Solange chumbani, akaziba dirisha kwa mito ili kelele za jenereta za majirani zisiingie, akairekodi sauti yake. "Ninaomba maji." "Ninasikia maumivu." "Ndiyo, nimekubali." "Hapana, sitaki." Sauti ya Solange ni ya kwaya, nyembamba na safi, na ilishangaza kidogo kuisikia ikitoka kwenye mapaja ya mzee mwenye ndevu.

Siku ile ile Solange alimuuliza, "Papa, nikuletee lituma?"

Papa Paluku aliweka vidole vitatu juu ya kibao, taratibu, kama mtu anayeweka mayai mezani.

"Hapana, sitaki," ikasema sauti ya Solange.

Solange aliziba mdomo kwa mkono. Miezi yote ile alikuwa akimtwangia ndizi, akimlisha lituma asubuhi na jioni kwa mapenzi, kumbe mzee wa watu alikuwa ameichoka tangu juma la kwanza. Alicheka mpaka akalia. Héritier naye alifuta macho akijidai ni vumbi. Siku mbili tatu zilizofuata Papa Paluku alikataa kila kitu kwa anasa tu: alikataa uji, alikataa kunyolewa, alikataa redio, alimkataa katekista aliyekuja kumsalimu. Hajawahi kufurahia neno moja namna ile. Neno ndiyo halikuwa na kazi kubwa, maana hata akinyamaza watu walidhani amekubali. Lile neno hapana lilikuwa utu wake umerudi.

Élie akarudi Kinshasa. Zikabaki alasiri, ndefu, za joto la Kisangani linaloshikamana na shati. Solange alimfungulia kompyuta akaenda kwenye shughuli zake, na mzee alijifunza mengine peke yake. Alijifunza kwamba ukivuta vidole viwili kwenda chini, picha za familia zinapita kama abiria wakishuka kwenye boti. Alijifunza kwamba ukiweka gumba na shahada pamoja, kisha ukavitenganisha polepole, picha inakua.

Hapo ndipo alipompata Virginie tena. Mke wake alikuwa kwenye picha ya ubatizo wa mtu, mstari wa nyuma, amejibana kati ya mashemeji. Papa Paluku alifungua vidole vyake, na Virginie akasogea. Akafungua tena, na wale mashemeji wakatoka nje ya kioo, mmoja huku na mwingine kule, akabaki yeye peke yake na lile jino lake lililopandana. Alikuwa mwanamke wa mtoni, wa Yanonge, binti wa wavuvi, na watu wa kwao, Butembo, hawakumsamehe Paluku kwa kumwoa mpaka leo. Alipofariki, ndugu zake walimshusha kwa boti wakamzika kwao, na Paluku alimwita fundi akajenga kaburi la watu wawili: upande mmoja ukafungwa kwa saruji, upande wa pili ukafunikwa bati na mawe juu yake. Kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, alishuka Yanonge kung'oa majani na kukagua lile bati. Watu walisema anajiita kifo. Yeye alisema amejiwekea nafasi, kama mtu anayetuma kijana akashike kiti kwenye boti. Hakutaka kitu kingine katika dunia hii: alale pale, upande wa bati, karibu na yule mwanamke na maji yakipita.

Na ni katika kumtazama Virginie ndipo alipogundua ugonjwa wa mashine.

Siku nyingine picha ilitulia kabisa chini ya vidole vyake. Siku nyingine ilirukaruka, Virginie akikua na kusinyaa kama anayeitwa na kufukuzwa. Mwanzoni alidhani ni mkono wake unaanza kufa nao, na hofu iliyomshika haikuwa ndogo. Kisha akaona: ilirukaruka tu wakati waya wa umeme umechomekwa. Hata chuma cha kompyuta wakati huo kilikuwa kikimtekenya kwenye kiganja, mtekenyo mdogo wa mchwa. Na waya aliujua. Waya ulikuja na pini tatu, ukuta wa nyumba ulikuwa na matundu mawili mawili, na Héritier, mtu wa suluhisho za haraka, aliikata ile pini ya tatu, ya kushusha umeme ardhini, kwa koleo palepale barazani huku baba yake akimwangalia. Nyumba ngapi za Kisangani hazijafanya hivyo? Kila mtu hukata, taa inawaka, maisha yanaendelea.

Waya ukiwa nje, mashine ilihesabu vidole vyake barabara. Waya ukiwa ndani, umeme wa jenereta ulipoingia, kidole cha tatu kilipotea. Aliweka vitatu, mashine ikaona viwili. Alijaribu mara nyingi awezavyo, na mara zote ikawa vivyo hivyo: hapana yake iliingia kwenye kibao ikatoka ndiyo.

Jambo la kumwambia mtu kwa sentensi moja. Lakini Élie, pamoja na elimu yake yote, hakuweka picha ya waya. Papa Paluku alimwonyesha Solange kwa kidevu, akanguruma, akausukuma ule waya kwa kiwiko. "Ah, unataka nichomeke, papa? Pardon, nilisahau," alisema Solange, akachomeka. Akanguruma zaidi, na Solange akamletea chombo cha kukojolea.

Basi akaamua kungoja Élie arudi. Alikuwa na subira ya mfanyabiashara, na hakujua kwamba safari hii muda haukuwa wake.

Kabla Élie hajarudi, alifika tonton Wenceslas, mdogo wake Paluku, kutoka Butembo. Mtu mwema, Wenceslas, na wema wake ndio uliokuwa shida, kwa maana mtu mbaya ungeweza kumchukia. Aliingia, akamwona kaka yake kwenye kiti cha magurudumu, akapiga magoti akalia waziwazi. Kisha akala, kisha akaeleza kilichomleta.

"Batu ba nyumbani banauliza," alimwambia Héritier. "Banasema, mukubwa wetu anakufia mu mayi ya muto, kati ya batu baki, na watoto wake bako wanaangalia tu. Kule kuko baridi nzuri, kuko bashangazi, kuko makaburi ya babu. We ndiyo mukubwa ya nyumba, Héritier. Siku ikifika, ni we batakuuliza."

Héritier hakuwa mtoto mbaya, lakini aliogopa watu. Tangu utoto alikuwa akiogopa kuulizwa.

"Papa anapenda hapa," alisema Solange kutoka jikoni. "Na kule Yanonge iko nafasi yake, yeye mwenyewe alitengeneza."

"Wakati alikuwa na nguvu," alijibu Wenceslas kwa upole. "Sasa iko mutu ya kubebwa. Lakini hatutamubeba kwa nguvu, binti. Mashini iko, si ndiyo? Tutamuuliza yeye mwenyewe, mbele ya wazee."

Moyo wa Papa Paluku ukatulia. Wamuulize! Hicho ndicho alichokitaka. Angewajibu kwa vidole vitatu, sauti nyembamba ya Solange ingewaambia wote, na Wenceslas angerudi milimani na kilio chake.

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya misa, barazani. Walikuja wazee wachache wa Butembo wanaofanya biashara mjini, wakiwa bado na makoti ya kanisani. Solange alipika wali, samaki na pondu ya majani ya muhogo. Papa Paluku alivalishwa shati la kitenge, akanyolewa, na safari hii hakukataa. Kompyuta ilikuwa juu ya mapaja yake, waya nje, kibao kimetulia. Aliijaribu kwa kidole kimoja, mshale ukaenda sawasawa. Alikuwa tayari kuliko alivyowahi kuwa tayari kwa jambo lolote.

"Ngoja," alisema Héritier. "Batterie isituletee haya mbele ya wazee."

Akaenda uani akavuta kamba ya jenereta, ikanguruma. Akarudi, akainama kwa heshima, akachomeka waya ubavuni mwa mashine. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka. Papa Paluku alisikia wale mchwa wakianza kutembea kwenye kiganja chake.

"Mmmh!" alisema. Akausukuma waya kwa kiwiko, maana kuuchomoa kulitaka mkono wa pili wa kuishika mashine. "Mmmh! Mmmh!"

"Tulia, papa," alisema Solange, akimpangusa jasho. "Tuko wote hapa."

Alimtazama mwanawe Héritier, akatazama waya, akamtazama tena Héritier. Mtu yeyote mwenye macho, alifikiri, mtu yeyote! Héritier alimtabasamia, tabasamu la mtoto aliyekumbuka kila kitu.

Wenceslas alisimama. Aliwashukuru wazee, akaomba Mungu, kisha akamgeukia kaka yake.

"Yaya, batu bote bako hapa, na mi sitaki mutu aseme kesho kama tulikuibia. Tunakuuliza wazi. Unakubali twende na we nyumbani, Butembo, ukae na sisi, na siku Mungu atakuita, ulale pamoja na baba na babu? Kama unakubali, bidole mbili. Kama unakataa, bidole tatu. Jibu itakuwa yako."

Haki kama ile ingekuwa wapi tena? Papa Paluku alivuta pumzi. Alitanua mkono wa kushoto. Akaviweka vidole vitatu, shahada, kati na cha pete, vimeachana vizuri, kila kimoja mahali pake, mtu asiweze kukosea.

"Ndiyo, nimekubali," ikasema sauti ya Solange.

Baraza zima likapiga makofi.

Hapa inabidi nieleze jambo, maana aliyeliweka ni yeye. Nyumbani kwa Paluku, neno la mkubwa likishapigiwa makofi na wazee halirudi. Ndiyo sheria aliyoisimamia katika kila kikao, kwa sababu alichoka na watu waliokubali asubuhi na kukana jioni. Kwa sheria hiyo aliwahi kumnyamazisha Wenceslas kuhusu shamba, na Élie kuhusu mchumba. Kuuliza mara ya pili, alisema, ni kumwambia mkubwa kwamba mdomo wake haukuwa na maana.

Akaweka vidole tena. "Ndiyo, nimekubali." Akavikandamiza mpaka kucha zikawa nyeupe. "Ndiyo, nimekubali. Ndiyo, nimekubali."

"Muzee iko na haraka!" alisema mmoja wa wazee, na watu wakacheka kwa furaha. "Angeweza kupanda ndege leo!"

Akakipiga kibao kwa kiganja kizima. Mshale uliruka ukaangukia kwenye picha. "Ninaomba maji," ikasema mashine, na mara glasi ya maji ikawa kwenye midomo yake, ikimiminika kidevuni, huku mtu akimshika kichwa. Alikohoa. Aliitikisa shingo kukataa, lakini tangu augue shingo yake hutikisika yenyewe, na hakuna aliyeihesabu. Machozi yakamtoka, ya hasira, ya moto, na Wenceslas alipoyaona akaja kumkumbatia, naye akilia.

"Anaona nyumbani," aliwaambia wazee. "Muone, anaona nyumbani."

Ni Solange peke yake ambaye hakupiga makofi. Alikuwa amesimama na sinia ya glasi, amekunja uso, anamtazama baba yake namna mtu anavyotazama sufuria inayotoa harufu asiyoielewa.

"Tumuulize tena," alisema. "Mi sioni kama iko sawa."

"Solange," alisema Héritier kwa sauti ya chini. "Papa mwenyewe alisemaka: neno ikishapigiwa makofi, hairudiake. Unataka kumupa haya?"

Wazee wakamtazama. Alikuwa mwanamke, tena mdogo kuliko wote pale barazani, na isitoshe sauti iliyokubali ilikuwa yake. Akapeleka sinia jikoni.

Ndege ilikuwa kesho yake asubuhi. Wageni walipoondoka, Héritier aliizima kompyuta, akaifunika kwa kile kitambaa cha uzi, akaiweka ndani ya begi kati ya mashati ili isivunjike njiani. Papa Paluku alilingurumia lile begi mpaka sauti ikamkauka. Wakamfunika blanketi.

Kiwanja cha ndege cha Bangboka kina desturi ya kukungojesha. Ndege ndogo ya kwenda Beni ilikuwa imesimama juani, mlango wazi, na abiria wamekaa kwenye viti vya plastiki na vifurushi vyao. Kutoka Beni wangechukua gari mpaka Butembo. Wenceslas alikuwa ameshapanda kuandaa kiti. Héritier alikuwa hatua chache mbele, amewapa mgongo, akibishana na mtu kuhusu uzito wa mizigo. Solange, ambaye angebaki Kisangani, alichuchumaa mbele ya kiti cha baba yake, akafungua zipu ya begi.

"Papa, mbele ya kuenda, niambie tu kitu," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kitu yoyote. Uombe hata maji."

Akaiweka mashine juu ya mapaja yake, akaiwasha. Waya ulibaki umeviringwa ndani ya begi. Chuma kilikuwa baridi na kimya. Hapakuwa na mchwa.

Papa Paluku aliweka vidole vitatu.

"Hapana, sitaki."

Abiria wawili waligeuka kumtazama Solange, kwa kuwa sauti ilikuwa yake na mdomo wa mzee haukufunguka.

"Hapana, sitaki. Hapana, sitaki."

Alikitazama kibao. Akautazama mkono wa baba yake. Kisha macho yake yakashuka polepole mpaka ndani ya begi, kwenye ule waya na kichwa chake chenye pini mbili na kovu la ya tatu, na Papa Paluku akaona, hatimaye, mtu mmoja duniani ameelewa. Furaha aliyoipata hapo ilikuwa kubwa na ya kijinga, furaha ya mtu aliyechelewa boti na bado anaipungia mkono.

"Hapana, sitaki," akasema tena.

"Solange!" Héritier alisema bila kugeuka. "Iyi mambo ilishaisha. Usituletee haya hapa."

"Haiko mi."

"Haiko we, basi nani?"

"Yaya, geuka. Haiko mi nasema."

Héritier akageuka. Solange akanyanyuka. Alisogea kando ili kaka yake aone. Papa Paluku alivinyanyua vidole juu, akamwonyesha mwanawe vyote vitatu, kisha akaviweka chini mbele ya macho yake.

"Hapana, sitaki."

"Ni waya," alinong'ona Solange. "Jana ilikuwa ni waya. Yaya, ile pini ulikata. Alikuwa anakataa tangu mwanzo."

Héritier alisimama. Alivitazama vile vidole. Akatazama ndege, ambako Wenceslas alikuwa ametoa kichwa mlangoni akipunga mkono. Papa Paluku alimjua mwanawe. Uso ule alikuwa amewahi kuuona depo, siku kijana huyu alipogundua kwamba gunia limepungua na mnunuzi amekwisha kulipakia. Alikuwa ameona. Alikuwa anajua kila kitu, na alikuwa akifikiria wazee, makofi, watu wa Butembo, na jinsi ya kuanza kuwaeleza habari ya pini.

"Batterie itaisha," alisema mwishowe. "Funga. Tutacharger kule."

"Yaya Héritier..."

"Solange, mi nitaanzia wapi? Nitabaambia nini? Funga."

Hakufunga. Basi Héritier aliinama mwenyewe, akavitoa vidole vya baba yake juu ya kibao, kimoja kimoja, kwa upole wa kutisha, akaikunja mashine, akaifunika kitambaa chake na kuirudisha ndani ya begi. Solange alikuwa amekaa chini kwenye saruji, ameushika mguu wa baba yake, ule wa kulia, usiosikia kitu.

Ngazi ya ile ndege ilikuwa nyembamba na kiti cha magurudumu hakikuweza kupanda. Héritier akampa baba yake mgongo, akachuchumaa, watu wakamsaidia kumpakia. Papa Paluku akaning'inia pale kama gunia, mkono mmoja ukiyumba, mwingine ukiwa juu ya bega la mwanawe, karibu na shingo, palipo na jasho na ngozi tupu.

Héritier aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Papa Paluku akaviweka vidole vitatu kwenye ile ngozi. Vikakandamiza, vikaachia. Akaviweka tena, vimeachana vizuri, kila kimoja mahali pake.

Héritier akasimama. Shingo yake ilikaza chini ya vidole.

"Minasikia, papa," alisema taratibu. "Minasikia."

Akapanda ngazi ya pili.